Mkuki wa Meno na Maji ya Taveta

Msafiri atokaye Voi kwenda Taveta, akiisha kuzipita nyika za Tsavo, hukuta maziwa mawili yasiyolingana kwa tabia: Chala, lililomo ndani ya shimo la volkano, kina chake kikikaribia mita 90 na kingo zake zikishuka wima, na Jipe, lililopakana na Tanzania, lipokealo maji ya Mto Lumi na kuyatoa kwa Mto Ruvu, ambalo kina chake ni mita chache tu. Chala hapamfai mwenye mkuki. Kandokando ya Jipe, penye mafunjo na matete, ndipo mtu awezapo kufahamu ni maji ya namna gani yaliyozaa mkuki wa kuvulia.

Mkuki wa vita hutosheka na ncha moja, lakini samaki ana utelezi na hugeuka ghafla. Kwa hiyo mhunzi huufanyia wa uvuvi meno mawili, matatu au zaidi, yaliyotanuka kidogo, ili kosa dogo la mkono lisimwokoe samaki, na kila jino hulitia kijino kitazamacho nyuma, ili aliyekwisha kuchomwa asichomoke. Hila kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya macho. Nuru itokapo majini kuingia hewani hupinda, hata samaki aliye kina cha futi 4 huonekana, kwa amtazamaye kutoka juu, kana kwamba yu futi 3. Basi mvuvi hodari hulenga chini ya sura aionayo.

Kambare, mvua zinapofurisha mito, hujongea maji haba ili atage mayai, na hapo huwa rahisi kuchomwa. Ustadi huu wa kumchoma ni wa kale: katika Katanda, kando ya Mto Semliki nchini Kongo, wataalamu walifukua ncha za mifupa zenye vijino pamoja na mabaki ya kambare wakubwa, na mwaka 1995 walitangaza kwamba umri wake wapata miaka 90,000.

Ila msimu huo wa mvua, ulio wa neema kwa mvuvi, ndio wa kizazi, nami naona ni haki kambare mwenye mayai aachwe apite. Aidha, udongo uletwao na Lumi umelijaza Jipe, na magugu yamelifunika pakubwa. Kwa hiyo atakaye ustadi huu udumu, na aanzie juu, kwenye mashamba na miti ya kingo za mto.