Shamba Linapogeuka Kiwanja



Miji ya mkoa wa Mara inakua. Musoma imezungukwa na Ziwa Viktoria, hivyo hupanuka kuelekea Bweri na maeneo ya ndani. Bunda, iliyo kando ya barabara kuu ya Mwanza–Sirari, sasa ina Halmashauri ya Mji. Butiama ilifanywa wilaya mwaka 2012, na ofisi na watumishi wakahitaji viwanja. Mashamba ya mihogo yanageuka makazi, na hapo ndipo wanyonge wanapopoteza haki zao bila kujua.

Nini kinabadilika?

Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa idhini ya mkutano mkuu. Kijiji kikiingizwa mjini, vyombo hivyo huondoka na mtaa huchukua nafasi. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kushuhudia mauziano, lakini hana mamlaka ya kugawa ardhi. Hata hivyo wengi hununua kwa karatasi yenye mhuri wake tu, wakajenga, kisha mchoro wa mipango miji ukaonyesha kuwa nyumba imekaa barabarani.

Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipopanda, waliojenga karibu mno waliona sababu yake.

Haki za mwenye shamba

Mji kufika shambani hakufuti haki ya aliyekuwa akilimiliki kimila. Serikali ikilitwaa, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inadai fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Fidia hiyo si ya mazao peke yake: huhesabiwa pia thamani ya ardhi, nyumba, usumbufu na usafiri. Mwenye shamba asisaini fomu ya uthamini asiyoielewa.

Chukua mfano wa mjane ambaye shemeji zake wanauza shamba alilolima miaka ishirini, kwa kuwa bei imepanda. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Vilevile Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia mume kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mke wake. Wajane wengi hawajaambiwa hayo.

Kamati ifanye nini?

1. Kabla ya kununua kiwanja cha kigango, ulizeni ofisi ya ardhi ya halmashauri kama eneo limepangwa na kupimwa.
2. Hati ya kiwanja cha kanisa iandikwe kwa jina la wadhamini waliosajiliwa, si la katekista wala mwenyekiti.
3. Mtaa ukianza urasimishaji, hudhurieni mikutano. Kubalianeni mapema njia zipite wapi, maana kutoa hatua chache leo ni rahisi kuliko kuvunja ukuta kesho.
4. Mgogoro ukitokea, anzeni baraza la kata. Tangu mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Uamuzi hutolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kwa wahisani wetu: msaada wa kujenga ukumbi ni mwema, lakini gharama ya kupima kiwanja itangulie. Jengo lisilo na hati limesimama juu ya mchanga.