Maskani hawamnyimi nauli

Ijumaa ya Januari 2, 2015, maduka Dar es Salaam yalifungwa mapema. Magomeni, Sinza na kwingineko watu walikimbia ovyo baada ya kuvuma kwamba Panya Road, genge la vijana wenye mapanga, wanakuja. Chanzo kilikuwa maziko: vijana wa genge hilo walikuwa wamemzika mwenzao aliyeuawa na wananchi kwa tuhuma za wizi. Polisi wakafanya msako, wakakamata mamia.

Mbio zile zimeandikwa sana. Maziko yenyewe hayakuandikwa sana. Katika maziko ya Kiislamu mama hubaki nyumbani na wanawake wenzake, jeneza hubebwa na wanaume, na anapozikwa kijana wa mtaani, mabega mengi huwa ya wenzake wa maskani. Mdogo wa marehemu, aliyekatazwa kila siku kukaa nao, hupokezana nao jeneza hadi makaburini. Jioni hiyo nani atamwambia kuwa wale si ndugu zake?

Viongozi wetu huwataka vijana hawa wachague, familia au genge, kama vile ni nyumba mbili. Kijana wa Mbagala aliyeshinda kijiweni wiki nzima bila kibarua akirudi usiku na mchele na hela ya umeme, nani humuuliza kazipata wapi? Baba anakohoa. Mama anainjika sufuria. Na panga likishalala uvunguni mwa kitanda anacholala na mdogo wake, nyumba nzima imeingia genge bila kuapishwa.

Kutoka ndiko kugumu. Akienda kwa mjumbe, wenzake wanaujua mlango wa kwao. Akibaki, kuna wananchi wenye hasira, na kuna risasi: Septemba 2022, baada ya mwanafunzi wa chuo kuuawa Kawe, polisi walitangaza kuwaua watuhumiwa sita. Ndiyo maana mzazi mwingine humpandisha mwanawe basi la alfajiri, Lindi au Tanga kwa mjomba, na majirani huambiwa kaenda kulima. Mimi siwezi kumlaumu mzazi huyo, ingawa jirani aliyekatwa panga anayo haki hiyo.

Huko shamba kijana anaweza kutulia kweli. Shida ni pale nyumbani wanapopiga simu: mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, kwa mkupuo, na mjomba hana kitu mpaka korosho ziuzwe. Nauli ya kurudi mjini, maskani hawamnyimi.