Wale Wazee wa Meza ya Mshumaa

Ukikaa Uingereza muda wa kutosha utawaona tu. Jumamosi asubuhi, karibu na soko au mbele ya maktaba, pamewekwa meza ya kukunja yenye kitambaa cha njano. Juu yake kuna karatasi za kutia saini, kalamu zilizofungwa kamba zisiondoke na watu, na picha ya mshumaa uliozungushiwa seng'enge. Nyuma ya meza wamekaa kina mama wawili waliostaafu ualimu na mzee mmoja aliyevaa koti la mvua hata kama jua linawaka. Watu wetu wengi wa Afrika Mashariki huwapita haraka wakidhani ni Mashahidi wa Yehova, au wale wanaochangisha fedha za mbwa waliotelekezwa.

Hao ni kundi la mtaa la shirika la haki za binadamu la Amnesty International. Hawalipwi hata senti. Na makundi kama hayo, miaka 40 na ushee iliyopita, ndiyo yaliyokuwa yakiandika barua kwenda Ikulu ya Nairobi kuhusu watu ambao majina yao unayajua vizuri kuliko wao.

Ilianza na makala ya gazeti. Tarehe 28 Mei 1961, mwanasheria wa London aitwaye Peter Benenson aliandika katika The Observer kuhusu wafungwa waliosahaulika: watu waliofungwa kwa sababu ya maoni au imani yao, bila kumshikia mtu silaha. Mmoja aliowataja alikuwa Agostinho Neto, daktari na mshairi wa Angola aliyekuwa mikononi mwa Wareno, na ambaye mwaka 1975 alikuja kuwa rais wa kwanza wa nchi yake. Benenson alipanga kampeni ya mwaka mmoja, basi. Lakini wasomaji waliandika kuuliza, sasa tufanye nini? Jibu likawa: kusanyaneni hapo mlipo, kanisani, shuleni, mtaani, mpewe majina.

Majina yalitolewa matatu matatu, na hapo ndipo ujanja wa mpango wote ulipolala. Ilikuwa enzi ya vita baridi. Kila kundi lilipewa mfungwa mmoja wa nchi za Magharibi, mmoja wa nchi za Kikomunisti, na mmoja wa kwingineko duniani. Ukitaka kumlilia mwandishi aliyefungwa na Warusi, sharti umlilie pia aliyefungwa na rafiki wa serikali yako. Kulikuwa na kanuni nyingine: kundi halishughulikii mfungwa wa nchi yake lenyewe. Wengi huiona kanuni hiyo ya ajabu, ila ilikuwa na busara yake. Ilimkinga mwanachama anayeishi chini ya serikali kali, na iliwanyima watawala ile hoja yao ya kila siku kwamba kelele zinapigwa na wapinzani wanaotaka madaraka. Mwalimu mstaafu wa Uholanzi anataka madaraka gani Kenya? Miaka mingi baadaye kanuni hiyo ililegezwa, lakini ndiyo iliyowafundisha watu wa miji midogo ya Ulaya kutamka majina ya Kikikuyu na Kijaluo, japo kwa shida.

Barua yenyewe ina adabu zake. Inaanza na "Mheshimiwa" hata kama anayeandikiwa ana damu mikononi. Haina tusi, haina siasa, haimwambii rais jinsi ya kuendesha nchi. Inataja jina kamili la mfungwa, tarehe aliyokamatwa, na mahali anapodhaniwa kuwa. Kisha inaomba jambo moja linaloweza kutekelezwa: mwachieni, au mfikisheni mbele ya mahakama ya haki, au mpeni daktari. Mwandishi anaweka sahihi na anwani ya nyumbani kwake. Bahasha inafungwa, stempu inabandikwa, na mwezi ujao inaandikwa nyingine. Kundi lingeweza kukaa na mfungwa mmoja miaka na miaka, likimtumia mkewe kadi za salamu, mara nyingine na fedha kidogo za kusaidia nyumba.

Kwani kuna anayezisoma? Amnesty wenyewe hupenda kusimulia habari za Julio de Peña Valdez, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa Jamhuri ya Dominika, aliyekuwa kifungoni mwaka 1975, uchi, ndani ya seli ya chini ya ardhi. Kwa maelezo yake, zilipofika barua 200 za kwanza alirudishiwa nguo. Zilipofika 200 nyingine, mkuu wa gereza akaja kumwona. Ziliendelea kumiminika mpaka rais mwenyewe akaarifiwa, na mwishowe akaachiwa. Bila shaka shirika linachagua hadithi ya kusimulia. Gunia la barua lililoishia jalalani halina msimulizi. Lakini yeyote aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya serikali anajua kwamba barua ikishaingia, kuna karani anayepaswa kuifungua, kuipiga muhuri na kuiweka kwenye faili. Faili likinenepa, bwana mkubwa anauliza huyu ni nani. Mkuu wa gereza naye akishajua kwamba jina la mtu wake linajulikana ng'ambo, anafikiri mara mbili kabla ya kumwua kimyakimya.

Kwetu, kesi inayojulikana zaidi ni ya mwandishi wa Kenya Ngũgĩ wa Thiong'o. Alikamatwa mwisho wa Desemba 1977, wiki chache baada ya Ngaahika Ndeenda, tamthilia aliyoshiriki kuiandika, kupigwa marufuku pale Kamĩrĩĩthũ, Limuru, akawekwa kizuizini katika gereza la Kamiti bila mashtaka. Amnesty ilimtangaza kuwa mfungwa wa dhamiri, yaani mtu aliyefungwa kwa maoni yake bila kutumia silaha, na makundi yakaanza kazi. Alitoka Desemba 1978. Je, ni barua zilizomtoa? Rais Jomo Kenyatta alifariki Agosti mwaka huo, makamu wake Daniel arap Moi akaingia na sura ya huruma, na mahabusu wa kisiasa wakaachiwa kwa mpigo mmoja. Kusema barua ndizo zilizofungua lango la Kamiti ni kutia chumvi. Nionavyo, zilihakikisha kwamba rais mpya alipotaka kuonekana mwema, alikuwa na orodha tayari mezani.

Huruma hiyo haikudumu. Mwaka 1982 kuwekwa kizuizini bila mashtaka kulirudi, na safari hii waliosimama London walikuwa Wakenya wenyewe na marafiki zao. Iliundwa kamati ya kudai kuachiwa kwa wafungwa wa kisiasa nchini Kenya. Mwenyekiti wake alikuwa John La Rose, mwana wa Trinidad aliyeendesha duka la vitabu la New Beacon huko Finsbury Park. Ngũgĩ alikuwamo, na Abdilatif Abdalla pia, mshairi wa Mombasa ambaye mwenyewe alikuwa amekula miaka mitatu gerezani kwa kijikaratasi chake cha Kenya: Twendapi? Hawa hawakuandika "Mheshimiwa". Walisema wazi kwamba tatizo ni utawala wenyewe. Mwaka 1986 mwanasheria Wanyiri Kihoro alipokamatwa na kupelekwa Nyayo House, jengo la serikali la Nairobi lililokuwa na vyumba vya mateso, aliyezunguka kumpigania akiwa Uingereza alikuwa mkewe, Wanjiru. Julai 1987 Amnesty ikachapisha ripoti juu ya mateso na watu kuwekwa kizuizini Kenya, na serikali ya Moi ikawaka moto.

Watu hupenda kubishana ni njia ipi bora, ya adabu au ya makelele. Mimi naona ni ubishi wa bure. Mwalimu mstaafu wa meza ya mshumaa hawezi kujua kwamba kuna mtu kafungwa kwenye chumba kilichojaa maji Nyayo House mpaka atokee ndugu, rafiki au wakili wa kumwambia. Ndugu naye, akisimama peke yake mbele ya ubalozi, anaitwa mpinzani mwenye chuki. Hata nyumbani Kenya ilikuwa hivyo. Februari 1992 kina mama wa wafungwa, pamoja na mwanaharakati Wangari Maathai, walianza kugoma kula katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, wakidai wana wao waachiwe. Polisi wakawapiga, baadhi ya kina mama wakavua nguo kama laana, kisha wakahamia kanisa kuu la All Saints wakakaa humo muda mrefu. Hakuna barua ya Mzungu inayofika hapo. Lakini dunia iliyajua majina ya wale vijana, na wengi wao waliachiwa mwaka 1993.

Si kila kitu cha kusifu. Nelson Mandela aliwahi kuwa mfungwa wa dhamiri wa kundi moja la Uingereza, kisha mwaka 1964 jina lake likaondolewa kwa sababu alikubali kuhusika na hujuma za silaha. Amnesty waliendelea kulaani mateso ya wafungwa wa Afrika Kusini, lakini cheo kile wakamnyima. Kanuni ni kanuni; hata hivyo kwa Mwafrika bado inakaba koo. Benenson naye aliondoka mwaka 1967 baada ya fujo kubwa ndani ya shirika, ikiwamo kashfa ya fedha za siri za serikali ya Uingereza zilizopitishwa kwa ajili ya familia za mahabusu wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Leo Amnesty haipokei fedha za serikali kwa kazi zake za uchunguzi na kampeni, na ndiyo maana wazee wetu wanauza vitabu vya mitumba na keki.

Wala ushindi hauji ukiwa mzima. Mwandishi wa habari wa Tanzania, Erick Kabendera, alikamatwa Julai 2019 na kufunguliwa mashtaka yakiwemo ya utakatishaji fedha, yasiyo na dhamana. Kampeni ilipigwa kote duniani, Amnesty wakiwamo. Mama yake alifariki yeye Kabendera akiwa bado mahabusu, na hakuruhusiwa kwenda kumzika. Aliachiwa Februari 2020 baada ya kukiri baadhi ya makosa na kukubali kulipa mamilioni ya shilingi.

Tunaoishi huku tuna sababu zetu za kukaa mbali na meza ile. Kuna ndugu nyumbani, kuna pasipoti ya kuhuisha ubalozini, kuna kiwanja ambacho hati yake bado haijatoka. Sababu hizo si woga wa kijinga. Ila utaratibu wa kundi hukupa nafasi: hulazimiki kuanza na nchi yako. Unaweza kuandika kwa ajili ya mwanafunzi wa Iran, huku mtu wa Poland akiandika kwa ajili ya wako. Kila mwaka karibu na Desemba 10, Siku ya Haki za Binadamu, kuna kampeni kubwa ya kuandika barua iliyoanzia Poland mwaka 2001, na hata asiye mwanachama anakaribishwa. Makundi mengi hukutana mara moja kwa mwezi kwenye ukumbi wa kanisa au sebuleni kwa mtu. Kiingereza chako kitatosha. Chai yao ndiyo ya kuvumilia, basi nenda na tangawizi yako.