Kabir Haifundishwi Peke Yake

Anayeanza kujifunza Kiarabu huandikiwa kwamba kabir ni "kubwa", akakariri, akaenda zake. Kumbe amepewa umbo moja tu, lile la nomino ya kiume iliyo katika umoja. Kivumishi cha Kiarabu hakishikiki mpaka kionekane katika sentensi kadhaa zilizochaguliwa kwa makusudi, maana nusu ya kazi yake inategemea nomino iliyo jirani. Bayt kabir ni nyumba kubwa, yoyote ile. Al-bayt al-kabir ni ile nyumba kubwa tunayoijua. Al-bayt kabir ni sentensi kamili: nyumba ni kubwa. Hakuna kitenzi kilichoongezwa, wala neno la kushika nafasi ya "ni". Tofauti yote imebebwa na al-, ilipo na isipokuwepo. Orodha ya msamiati haina pa kuliweka jambo hilo.

Mswahili huingia darasani na mtaji mzuri, kwa kuwa upatanisho si mgeni kwake: mti mkubwa, kitabu kikubwa, watoto wakubwa. Lakini mtaji huohuo humponza kwenye wingi. Wanaume wakubwa ni rijal kibar, sawa. Gari kubwa ni sayyara kabira. Magari makubwa ni sayyarat kabira, kivumishi kikibaki katika umoja wa kike. Na mbwa je? Kiswahili humpatanisha na watu, tukasema mbwa wakubwa. Kiarabu sanifu humweka pamoja na magari: kilab kabira. Rijal kibar na kilab kabira zikiandikwa sambamba, mpaka kati ya binadamu na visivyo binadamu unaonekana wazi.

Wapo watakaosema kanuni ya sarufi yatosha. Kanuni inahitajika, ila mazungumzo hayamsubiri mtu aikumbuke. Hoja nzito zaidi ni kwamba mwanafunzi ataimba mifano kama kasuku. Ni kweli, akiachiwa nomino zilezile. Kwa hiyo mwalimu ambadilishie. Amwondolee bayt, ampe madina, yaani mji, ambao ni wa kike, aone kama atafika mwenyewe kwenye al-madina kabira. Tena lahaja nyingi za mitaani hukubali kivumishi cha wingi hata kwa vitu, kinyume na kitabu cha sarufi. Aliyezoea kusoma kivumishi ndani ya sentensi atalitambua umbo hilo mara alisikiapo, na atajua ni nomino gani limeifuata.