Somo: Draiva na Leseni Yake

Draiva ya picha ni maandishi ya amri yanayoiwezesha kompyuta kuchora picha katika kioo. Kiwanda kikiyaficha, kisha kikaacha kuyashughulikia, kompyuta yaweza kutupwa ingali nzima. Yakiwa wazi, fundi ye yote aweza kuyarekebisha.

Lakini asome leseni kwanza. Leseni ya GPL, inayotumiwa na mfumo wa Linux, yasema: ukimpa mwenzio draiva uliyoibadili, mpe na maandishi yake. Leseni ya MIT ni nyepesi: yadai tu tangazo la mwenye haki libaki. Draiva za picha za Intel na AMD katika Linux, kwa sehemu kubwa, zina leseni ya MIT, kwa hiyo mfumo wa FreeBSD nao huzitumia.

Swali: Leseni ipi ni nyepesi? Kwa nini?