Kwa Nini Mark X Yako Inatingisha Mkia Mvua Ikinyesha, na Vile Utaituliza

Umepiga hesabu, sacco imekubali, na hatimaye uko na ndai ya maana: Mark X, Crown, Golf GTI ama Subaru WRX. Mabeshte wamejaa ndani, Thika Road iko wazi, na kuna msee huko nyuma anasema, "Buda, ikanyage tuskie." Kabla uikanyage, kuna kitu moja lazima uelewe, juu ndio inaamua kama mtafika ama mtaishia kwa mtaro.

Injini haishiki barabara. Tairi ndio hushika. Na kila tairi inagusa lami kwa sehemu ndogo tu, kama kiganja cha mkono wako. Viganja vinne vya mpira ndivyo vinafanya kila kitu: kuongeza kasi, kukata kona na kusimamisha gari.

Tairi huzunguka bure kwa nini?

Tupige hesabu ya haraka. Mark X ina uzito wa kama kilo 1,500, na zile za kawaida husukumwa na tairi za nyuma. Hizo mbili zinabeba karibu kilo 700. Kwa lami kavu na tairi fiti, zinaweza sukuma kwa nguvu ya kama kilo 560 kabla ziachilie. Kukinyesha, hiyo namba inaweza shuka hadi nusu.

Sasa, injini haijui kumenyesha. Bado iko na farasi wake zaidi ya 200, na gia ya kwanza inazidisha hiyo nguvu mara kadhaa kabla ifike kwa magurudumu. Ukikanyaga mafuta yote, nguvu inashinda mshiko, na tairi zinazunguka bila kusukuma kitu ya maana.

Noma si kelele ama moshi. Tairi ikizunguka bure inapoteza pia mshiko wa kando, ule ulikuwa unazuia mkia usiende kulia ama kushoto. Ndio maana gari inaanza kwa kuteleza kidogo, halafu ghafla inaangalia kwenye imetoka.

Mbaya zaidi ni mvua ya kwanza baada ya jua la wiki kadhaa. Vumbi na mafuta yaliyomwagika kwa lami yanachanganyika na maji, barabara inakuwa kama imepakwa sabuni. Hapo hata dere mzoefu anapunguza mwendo.

Kila ndai na tabia yake

Mark X na Crown nyingi husukumwa na nyuma, kwa hivyo ukizidisha mafuta, mkia ndio unatoroka. Golf GTI huvutwa na tairi za mbele. Ukiifinyia, usukani unavutana na mikono yako, na kwa kona gari inakataa kukata, inaenda tu mbele kama mbuzi imekasirika.

Subaru WRX inagawa nguvu kwa tairi zote nne, so inaondoka safi hata kwa matope. Lakini skiza hapa vizuri: hiyo mashine inakusaidia kuondoka, haikusaidii kusimama. Wakati wa breki, Subaru na Vitz zote zinategemea viganja vinne tu. Wasee wengi hujua hii maneno wakiwa wamechelewa.

Mguu wa kulia ndio dereva

Finya mafuta polepole, usigonge pedali. Kuondoka haraka na kutoa moshi ni vitu mbili tofauti. Tairi husukuma poa zaidi ikiteleza kidogo sana, kama asilimia 10 hadi 15. Ikipita hapo, unachoma mpira na doo.

Kwa kona, maliza kushika breki kabla uingie. Ukiwa ndani, mafuta yafuate usukani: vile usukani unanyooka, ndivyo unaongeza. Ukidai kukata kona na kukanyaga yote pamoja, unaitisha tairi kazi mbili wakati iko na nguvu ya moja.

Chunga sana ukipita lori kwa mvua. Gari ya otomatiki ukiikanyaga hadi chini, inashuka gia moja ama mbili, nguvu inakuja yote pamoja, na mkia unaweza kutoka ukiwa upande wa gari zinazokuja.

Kuna kitufe wasee hucheka: SNOW. "Theluji Nairobi iko wapi?" Kazi yake ni kupunguza ukali wa mafuta wakati wa kuondoka, na magari mengine yanaondoka na gia ya pili. Hiyo ni dawa ya lami iliyolowa na murram ya ushago pia.

Na mkia ukishaanza kwenda? Achilia mafuta taratibu, usirukie breki. Angalia kwenye unataka kwenda, si ule mlingoti unaogopa. Peleka usukani upande ule mkia unaenda, na gari ikianza kurudi, unyooshe haraka. Ukichelewa, itakutupa upande ule mwingine.

Usizime TRC ndio uonekane

TRC hugundua tairi inayozunguka kuliko zingine, inapunguza nguvu ya injini na kushika hiyo tairi breki. VSC nayo inasaidia gari isigeuke. Taa yake ikiwakawaka ukiendesha, iko kazini, inakuambia umezidisha. Kwa Toyota nyingi, ukishikilia hicho kitufe sekunde kadhaa, zote mbili zinazima. Kwa barabara ya umma, ziache ziwake.

Lakini hakuna kompyuta inaweza kuokoa kipara. Soma namba nne za mwisho za ile kodi ya DOT kando ya tairi: 1218 inamaanisha ilitengenezwa wiki ya 12 ya mwaka wa 2018. Mpira wa zamani hukauka hata kama michirizi bado inaonekana. Pima upepo tairi zikiwa baridi, ufuate kibandiko cha kwa mlango wa dereva. Na ukiwa na doo ya tairi mbili tu, zile mpya weka nyuma, hata kama gari inavutwa na mbele. Mbele ikiteleza bado unaweza kupunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, wengi wetu hatuwezi kuirudisha.

Kama unadai kuskia nguvu yote ya ndai yako, tafuta siku ya mbio kwa uwanja uliofungwa, kama Whistling Morans huko Athi River. Huko ukizunguka, unacheka na kurudia. Thika Road, kando yako kuna msee wa boda na mama anangoja mat kwa stage, na hakuna mtu aliwauliza kama wanataka kuwa kwa hiyo show yako.