Paka Ayumbaye

Katika vijiji vya Ugogo paka hufugwa kwanza kwa kazi, nayo ni kulinda mtama na karanga dhidi ya panya. Kitoto cha paka kinachoanza kutembea huku kikipepesuka, na ambacho kichwa hutetemeka kila kinapoinamia chakula, huonekana hakina faida. Yupo atakayesema kimerogwa. Mwingine, kwa kuogopa kichaa cha mbwa, atakiua siku hiyo hiyo.

Hofu hiyo si ya kipuuzi, kwani paka naye hupata kichaa na kumwambukiza binadamu. Lakini mnyama aliyekwisha kuonyesha dalili za kichaa kwa kawaida hufa katika siku 10 hivi. Paka aliyeyumba vilevile tangu utotoni, mwezi baada ya mwezi, ana ugonjwa mwingine.

Mwaka 1888 Herringham na Andrewes, madaktari wa London, walieleza habari za paka wawili wa namna hiyo, wenye kasoro katika ubongo mdogo, yaani sehemu ya kisogoni inayoratibu miondoko. Chanzo kilijulikana baadaye sana. Mwaka 1966 Kilham na Margolis, huko Marekani, walionyesha kuwa ni virusi vya panlukopenia, ambavyo hushambulia seli zinazogawanyika kwa kasi. Katika paka mkubwa seli hizo zimo utumboni na katika uboho wa mifupa. Katika kitoto kilicho tumboni mwa mama, au kilichozaliwa karibuni, zimo pia katika ubongo mdogo, ambao ndio kwanza unajengwa. Seli zikifa hazirudi. Ndiyo maana hali hiyo haina dawa, lakini pia haizidi wala haiumi.

Mwanafunzi aweza kujionea mwenyewe: paka huyo akilala hatetemeki. Hutetemeka akusudiapo tendo, kwa kuwa kipimo cha masafa na nguvu ndicho kilichopungua, si misuli.

Sakafu ya saruji humtelezesha; atandikiwe gunia. Sahani yake iwe nzito. Asiachwe kupanda paa la tembe, ingawa paka wote hupenda kuota jua huko. Panya, tukiri, hatakamata wengi. Mama mwenye mimba asipewe chanjo yenye virusi hai, maana yaweza kuleta kasoro ile ile.

Paka aliyekuwa mzima akaanza kuyumba ghafla, au kung'ata bila kuchokozwa, asishikwe. Aitwe daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata jeraha likiwa dogo.